Filimbi ya Kurumbiza

Tausi, aliyependa sifa kuliko chakula, alitunga wimbo wa harusi ya Chui. Ndovu alipewa baragumu, Kiboko akapewa ngoma, na Kurumbiza, ndege mwenye mdomo mchafu, akapewa filimbi. Lakini sauti za filimbi Tausi aliziweka chini kabisa, palepale Ndovu anaponguruma.

“Mwalimu, huko chini sisikiki,” Kurumbiza alilalamika. “Nipandishe juu, au Ndovu anyamaze kidogo.”

“Mimi naisikia vizuri kichwani mwangu.”

“Basi waalike wageni kichwani mwako.”

“Piga ulichoandikiwa,” Tausi alifoka, “au nafasi yako nampa Bundi!”

Siku ya harusi Kurumbiza aliiacha filimbi nyumbani. Alisimama na kipande cha muwa mdomoni, vidole vikicheza juu yake kwa madaha. Ndovu akanguruma, Kiboko akatwanga ngoma, Tausi akafumba macho kwa raha.

Wimbo ulipokwisha, Tausi aliwageukia wageni. “Mmeisikia ile filimbi? Ndiyo roho ya wimbo wangu!”

Hakuna aliyetaka kuonekana mshamba. Wakapiga makofi. Mama mkwe Fisi hata alifuta chozi.

“Kurumbiza, njoo uwaonyeshe filimbi yako!”

Kurumbiza akaja mbele, akaing'ata, akatafuna, akatema makapi.

“Karibu, mwalimu. Ni tamu, ila haijawahi kulia.”

Wageni wakaanza kutazama mawingu. Tausi akakunja mkia, akamsogelea Kurumbiza na kumnong'oneza, “Ulisema nikupandishe hadi wapi?”