Kichekesho cha Msiba wa Mama

Enzi hizo mtambo wa kubashiri uliwataja washindi wa tuzo za vichekesho vya televisheni mwaka mzima kabla ya kutolewa, na haukuwahi kukosea. Asubuhi moja ulimtaja Mwinjuma, kwa kichekesho chake cha “Msiba wa Mama”.

Mwinjuma alikuwa hajakitunga bado. Mama yake alikuwa hapo hapo sebuleni akichambua mchele, mwanga ukielea juu ya ungo kama povu la maziwa.

“Hongera, baba. Watacheka sana?”

“Sikitungi, mama! Naapa.”

“Wee! Mwanangu akose tuzo kwa ajili yangu?” Akauweka ungo chini. “Shika kalamu. Msibani kwangu shangazi yako atazimia mara tatu, kila mara akitafuta kwanza palipo na mkeka.”

Kicheko kikamponyoka Mwinjuma, na mkono wake ukaanza kuandika.