Kitufe cha Baadaye

Kila asubuhi, kabla hata hajavua sweta, Sikudhani alibonyeza kitufe kilichoandikwa Baadaye kwenye tangazo la kusasisha programu, na kompyuta ya kituo cha maji ikamwacha aendelee na kazi yake. Leo kitufe hicho hakikuwepo. Kilibaki kimoja tu: Anza Sasa.

Akampigia simu injinia wa makao makuu.

“Bi Sikudhani, hili tulishaliongea,” Injinia Mbaruku alisema kwa upole. “Hicho kivinjari unachofungulia kurasa kimezeeka, na sasisho hili ndilo linalokiondoa. Mji wa jirani wezi wa mtandao waliingilia humo humo, wakawafungia watu maji.”

“Najua, Injinia. Lakini ukurasa wa kuwashia pampu unafunguka kwa hicho hicho. Kipya nimekijaribu, unakuja mweupe tu.”

“Aliyeutengeneza yuko wapi?”

“Tulimzika mwaka juzi.”

“Basi subiri matangi yajae,” Injinia akasema, “ndipo uanze.”

Kabla Sikudhani hajaitikia, skrini iligeuka buluu yenyewe, na kiduara cheupe kikaanza kuzunguka. Nyuma ya ukuta, mngurumo wa pampu ukafifia, kisha ukakatika.

“Bi Sikudhani? Umenisikia?”

Dirishani aliwaona akina mama waliopanga foleni bombani wakisogeza ndoo mbele na kutaniana, huku maji yaliyosalia kwenye mabomba yakiendelea kuwamiminikia. Akaweka kidole juu ya kioo cha kompyuta, pale palipokuwa na Baadaye, akabonyeza. Akabonyeza tena.