Nyavu za Kombo

Zuhena hakuwa ameingia duka lile la samaki wa mapambo tangu mumewe, Kombo, muuzaji wa zamani, alipofariki. Muuzaji mpya alichovya wavu katika tangi la kwanza, kisha la pili, bila hata kuusuuza.

“Huyu mwenye vidoadoa vyeupe ndiye mrembo wao, mama.”

“Anaumwa huyo, mwanangu. Na wavu wako unawaambukiza wenzake.”

Akamweleza kwamba Kombo alikuwa na wavu wa kila tangi, kila mmoja na uzi wa rangi yake, nyuzi alizozichomoa kwenye kikapu cha mkewe cha kushonea.

“Kumbe! Mimi nilidhani nyuzi zile ni urembo tu,” alisema muuzaji, akavuta droo zilimowekwa nyavu hizo.

Zuhena aliuchukua wavu wa uzi mwekundu, akauchovya majini. Uzi uliofifia ukakolea tena, rangi ileile ya gauni alilojishonea mwaka waliooana.