Sharti la Kilomita Kumi

Siku ya kwanza ya mazoezi, Fundi Sofa alikimbia kutoka mlangoni kwake hadi nguzo ya tatu ya umeme, akaikumbatia nguzo ile kama ndugu yake aliyepotea. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake alimuuliza kama amwitie mtu wa kwao.

"Niko mazoezini, mama," alijibu akihema.

"Haya, baba. Pole na mazoezi."

Usimcheke, mwenzangu. Kazi yake ni kutengeneza makochi, na uzuri wa kochi haujulikani mpaka likaliwe. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiyakalia mwenyewe, moja baada ya jingine, hadi mkanda wake ukabakiza tundu moja. Lakini kwenye mapenzi hakuwa mvivu. Alimpenda binti mmoja anayefanya kazi maktaba, binti naye akampenda, na kilichobaki kilikuwa posa tu.

Na posa haina njia ya mkato. Mposaji na baba mkwe hawasemezani mpaka jibu litoke. Maneno yote hubebwa na mshenga. Mshenga wao alikuwa shangazi yake binti, muuguzi wa zahanati, mwanamke asiyependa kubishiwa. Siku aliyoleta jibu karakana, alimtazama fundi tumbo kwanza, uso baadaye.

"Neno lako limepokelewa vizuri," alisema. "Ila kuna sharti. Mbio za jiji, kilomita kumi. Zikishamalizwa, ndoa itajwe."

"Kumi! Shangazi, Mzee kasema hivyo kwa kinywa chake?"

"Unamhoji mshenga?"

"Hapana, shangazi. Samahani."

"Miezi mitatu inatosha. Na chumvi upunguze."

Basi akaanza. Wenzake wa karakana waliposikia, walicheka hadi misumari ikawadondoka mikononi. "Jamani, sofa limeota miguu!" Kila asubuhi walimpigia makofi akirudi na jasho, na kila asubuhi mmoja wao aliuliza kama leo amefika nguzo ya nne. Fundi alichukua nyundo akaanza kazi. Haba na haba, nguzo tatu zikawa kumi, kumi zikawa mtaa mzima. Mkanda ukapata tundu la pili, halafu la tatu. Alimwomba mchumba wake akamsihi baba apunguze japo kilomita mbili.

"Mimi simo," binti alisema, akiuma midomo asicheke. "Ya shangazi mwachie shangazi."

Mwezi wa pili akahamia bustani ya manispaa, penye njia ya kuzunguka. Asubuhi moja, kona ya bwawa, nani huyo? Mzee mwenyewe, baba yake binti! Fundi saa, mtu aliyekaa kigoda kimoja miaka thelathini, tumbo likifika kabla yake, leo kavaa raba mpya nyeupe na anakimbia.

Mzee alipomwona alishtuka, akainua mkono kidogo, akabana tumbo na kuongeza mwendo mpaka akapotelea nyuma ya miti. Huko kikasikika kikohozi kirefu.

"Ananipeleleza," Fundi Sofa alijisemea, hasira zikimpanda. "Na bado ananionyesha mbio! Mtu wa miaka sitini!"

Siku hiyo akaongeza mzunguko mmoja. Mzee naye akaongeza. Ikawa ndiyo kawaida yao: kila asubuhi wanapishana, mkono unainuliwa, hakuna anayefungua kinywa, na hakuna anayekubali kuondoka wa kwanza. Mlinzi wa bustani alidhani wamegombana.

Wiki moja kabla ya mbio, shangazi alipita karakana. "Mzee anakusalimu. Anasema umvumilie, siku imekaribia."

"Nivumilie nini tena? Mwambie sirudi nyuma, hata nikitambaa!"

"Nitamwambia," shangazi alisema. "Atafurahi sana."

Siku ikafika. Watu elfu na zaidi, namba vifuani, kelele juu. Fundi alianza polepole, kama alivyojifundisha. Kilomita ya tano alikuwa anatabasamu. Ya saba magoti yakaanza kulalamika. Ya tisa akaacha kufikiria kitu chochote isipokuwa binti, na hata binti alikuwa akimwona kwa ukungu.

Mita mia mbili kabla ya mwisho alimkuta Mzee. Amesimama katikati ya barabara, mikono magotini, raba zimegeuka rangi, machozi yanamlengalenga. Watu wanampita kushoto na kulia.

Fundi Sofa alitazama mbele, mstari wa mwisho ule pale. Kisha akamtazama Mzee, na uchungu wote wa miezi mitatu ukamtoka. Huyu si adui, ni baba wa mtu anayempenda. Akamshika mkono. Hakusema neno, maana adabu ni adabu. Wakaenda hivyo, wakivutana na kuyumba, mpaka wakavuka mstari pamoja, na wenzake wa karakana wakapiga vigelegele kuwashinda wanawake.

Amemaliza! Fundi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Alitaka kukaa chini, lakini Mzee hakumwachia. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akavuta pumzi mara tatu, na kwa mara ya kwanza akamsemesha.

"Mwanangu, najua si adabu kukusemesha kabla ya jibu, lakini nimechoka kungoja. Sharti lako nimelitimiza, kilomita zote kumi. Sasa niambie: binti yangu unamuoa au humuoi?"