Chuo cha Akiba

Tunu alikuwa ameomba vyuo vitatu vikubwa vya ukunga, vyote vya mbali, vyote vikigombewa na maelfu. Baba yake akamsihi aongeze na kile kidogo cha mjini kwao. "Akiba haiozi, mwanangu." Wakaenda kukitazama, Tunu shingo upande.

Darasani wanafunzi walikuwa wakijifunza kuzalisha kwa mwanasesere. "Dada, njoo umpokee!" mkufunzi akamwita. Tunu akanyoosha mikono. Mwanasesere akamponyoka, naye akamdaka mguu karibu na sakafu. Darasa zima likapiga vigelegele. "Mtoto salama, mama salama!" Tunu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Baba alipochungulia mlangoni kumwita waondoke, alimkuta amejifunga aproni, mikono mbele, akimuuliza mkufunzi, "Na wakiwa pacha?"