Anguko la Mwenyekiti wa Josho

Picha ya tatu ilionyesha pikipiki ya josho la kijiji imepakia mbuzi wawili na jogoo. Kwenye kioo cha pembeni ilining'inia kofia ya pama ya kahawia.

"Kofia ileile!" Profesa Ansbert alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati kama alivyofanya kila aliponusa kashfa. "Jeuri iliyoje. Anaiba, halafu anaweka sahihi."

Mkewe, Harieth, nesi aliyehamishiwa Bariadi akamburuta mumewe mstaafu mpaka nyumba ya kupanga hapo Somanda, hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Baba Koku, huyo ni mwenyekiti wa kuogesha ng'ombe."

"Madaraka ni madaraka."

Miaka thelathini Ansbert alifundisha historia chuo kikuu na kuandika juu ya marais: walivyoingia Ikulu kwa vigelegele, walivyonogewa, na kashfa zilizowatoa mbio wakiwa na kiatu kimoja mguuni. Kanuni yake ilikuwa moja: hakuna binadamu anayeachia kiti kwa hiari. Na uongo mkubwa kuliko wote katika historia, aliandika, una maneno mawili tu: "Wananchi wameniomba."

Siku ya kumuaga chuoni, mwenzake mmoja aliinua glasi akasema, "Mzee wetu ameandika anguko la kila rais, lakini yeye hajawahi kuangusha hata balozi wa nyumba kumi." Ukumbi mzima ulicheka. Ansbert naye alicheka, na mpaka leo hajawasamehe. Alitaka kumwangusha mtawala mmoja kwa mkono wake kabla hajafa, hata awe mdogo kiasi gani.

Ndipo picha zikaanza kuingia kwenye simu yake kutoka namba asiyoijua. Ya kwanza: ng'ombe wa Mzee Jilala, mwenyekiti wa josho la kijiji kimoja nje ya Dutwa, wakiogeshwa Jumapili, siku ambayo josho hufungwa kwa kila mtu. Kofia ya mzee juu ya nguzo ya geti. Ya pili: pipa la dawa ya kupe sebuleni kwake, kofia juu ya mfuniko.

"Wewe ni nani?" aliandika Ansbert.

"Mtu wa nyumbani kwake," lilikuja jibu. "Nimechoka, Profesa."

"Mkewe!" Ansbert alijipiga paja. "Majeshi yameangusha marais wachache kuliko majiko."

Akaenda kumwona mtawala kwa macho yake. "Mwangaluka, Profesa, karibu," alisema Mzee Jilala, ufunguo wa josho ukining'inia shingoni kwa kamba ya katani. Ugali haukuliwa kwa amani. Alikuja mtu kuuliza nani ataanza kuogesha kesho. Akaja mwingine: ndama amekwama joshoni. Akaja mama aliyegombana na jirani yake kwenye foleni. Kila mara mzee aliinuka na tonge mkononi. Ansbert akamkonyeza Bi Nyanjige, mke wa mwenyekiti, ishara ya watu wenye siri moja. Mama wa watu akadhani mgeni anataka chumvi, akamsogezea.

"Mwanamke yule anajua kuficha," Ansbert alimwambia Harieth aliporudi. "Na mzee ameshika kila kitu. Hata ndama hatoki bila idhini yake!"

Mkutano wa kijiji ulijaa. Ansbert aliomba nafasi, akasimama, akamshughulikia mwenyekiti wa josho utadhani ameuza nchi. Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Ng'ombe wa Jumapili, pipa, pikipiki; na kofia, kofia, kofia. Watu wakaanza kuguna.

"Mzee Jilala, una la kusema?" aliuliza mtendaji wa kijiji.

Mzee alisimama taratibu. "Nimeomba kupumzika mara nyingi, mkakataa. Wananchi ndio mlioniomba."

Ansbert aliangua kicheko mpaka miwani ikadondoka. Hata huku! Hata kwa josho! Kwa sauti yake ya darasani akawaeleza ni watawala gani waliowahi kusema hivyo, na waliishia wapi. Mikono ikanyooshwa: aondoke.

Jilala alivua ufunguo harakaharaka, akauweka mezani, akasema "Wabeja," asante ya Kisukuma, akaenda zake bila kugeuka. Aibu hiyo, aliwaza Ansbert, na kwa muda kidogo akamhurumia. Kisha furaha ikamjaa mpaka kooni. Laiti ule ukumbi ungekuwepo!

"Sasa ufunguo ashike nani?" aliuliza Bibi Apolonia, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale.

Wanaume wa mbele wakaangalia viatu vyao. Wa nyuma wakakumbuka kwamba mvua inakuja. Bibi akauchukua ufunguo, akamtazama Profesa toka juu hadi chini. "Huyu hana ng'ombe hata mmoja. Hawezi kujipendelea."

"Mimi? Hapana, mama, mimi ni mgeni, naishi Somanda..."

"Pikipiki ya josho itakufuata."

"Nimesema sitaki!"

"Hataki!" mtu alipaza sauti kwa furaha. "Basi ndiye huyo!"

Vigelegele vikapanda, na kamba ya katani ikamwingia shingoni.

Harieth alimpokea mlangoni. "Baba Koku, nini hicho shingoni?"

Ansbert alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Wananchi," alisema kwa sauti ndogo, "wameniomba."

Harieth alicheka mpaka akashika ukuta. Simu ikalia. Watu wawili walikuwa wameshampigia njiani kuhusu foleni ya kesho, lakini huu ulikuwa ujumbe, kutoka namba ile ya picha.

"Wabeja sana, Profesa. Leo nimekula ugali mpaka nikamaliza. Nawe ukichoka, piga picha kama zangu. Ila kwa kuwa huna kofia, tumia miwani."