Pua ya Kiatu

"Unachechemea kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Tunarudi Ngong."

"Mama, wacha! Nikirudi, Mlima Kenya nimeukosa."

Kiongozi wa vijana wa kanisa alikuwa amesema atakayevuka vilima vyote hadi Kiserian leo ndiye atakayepanda mlima huo mwezi wa Agosti. Wenzake Mugure walishatangulia. Mimi nilikuwa mzazi wa kubeba mikate.

Nikamketisha Mugure kwenye nyasi, nikamvua kiatu. Soksi ilikuwa imegandana na kidole kwa damu.

Viatu hivyo vya mitumba nilimchagulia mimi. Alisema vinabana, nikamwambia vitapanuka.

"Unarudi?"

"Sirudi."

Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikatoa kisu cha mkate, nikakata pua ya kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Vaa. Twende."